Gretchen Kisimani na Kanisani

Katika tamthilia ya Faust iliyoandikwa na Johann Wolfgang von Goethe, mtu wa kwanza kuushuhudia usafi wa Gretchen ni shetani. Msichana huyo anatoka kanisani kuungama. Mephistopheles, ndilo jina la shetani katika mchezo huo, amejipenyeza karibu na kiti cha padri akasikiliza yote. Kisha anamwambia Faust kwamba hana mamlaka yoyote juu ya binti yule, kwa maana amekwenda kuungama bila kuwa na kitu cha kuungama. Tunawaomba wasomaji walishike jambo hilo. Ushuhuda huo hautoki kwa mama yake, wala kwa padri wake, wala kwa majirani. Unatoka kwa adui wa roho. Na kabla ya mchezo kwisha, ni adui huyohuyo atakayetamka hukumu juu ya binti huyo.

Kwetu wengi wamewajua akina Bruto na Shailoki kwa kuwa Mwalimu Nyerere alizileta tamthilia mbili za Shakespeare katika Kiswahili. Gretchen hajulikani kwa kiasi hicho, basi na tuusimulie kwanza mkasa wake. Sehemu ya kwanza ya tamthilia ilichapishwa mwaka 1808, na ilionyeshwa yote hadharani kwa mara ya kwanza Januari 1829 katika mji wa Braunschweig. Faust ni msomi mzee aliyesoma falsafa, sheria, uganga na hata theolojia, akachoka. Anafanya mapatano na Mephistopheles na kuyatia sahihi kwa damu yake. Anapelekwa kwa mchawi, anakunywa dawa, anarudi kuwa kijana. Akiwa katika ujana huo wa kupewa anakutana njiani na Margarete, ambaye kwa jina la mapenzi huitwa Gretchen, kama sisi tunavyomwita Magreti "Mage". Anamtaka. Kwa msaada wa shetani anampata. Mwishoni mama wa msichana amekufa, kaka yake ameuawa, mtoto wake mchanga ametupwa majini, na yeye mwenyewe yumo gerezani akingoja upanga wa mnyongaji.

Wapo wanaouita mkasa huu hadithi ya mapenzi. Sisi tunaona neno hilo linahitaji uangalifu. Gretchen anapenda, hilo halina shaka, tena anapenda kwa moyo wote. Lakini tazameni jinsi jambo lenyewe linavyoanza. Faust anamsimamisha barabarani, anamwita bibi mkubwa na mrembo, anataka kumshika mkono amsindikize. Gretchen anamjibu kwamba yeye si bibi mkubwa wala si mrembo, na nyumbani anaweza kufika mwenyewe. Anaondoka. Jukwaani jibu hilo linachukua muda mfupi sana, nalo ni la binti aliyelelewa vizuri. Lingetosha kama aliyesimama mbele yake angekuwa mtu wa kawaida. Huyu ana shetani wa kumtumikia, na jambo analoagiza dakika hiyohiyo ni kwamba atafutiwe zawadi.

Zawadi yenyewe ni kasha la vito, linalowekwa kwa siri kabatini mwa Gretchen. Mama yake, mtu mcha Mungu, anahisi kwamba mali hii haina baraka, anamwita padri, na padri anaichukua yote. Mephistopheles anapomsimulia Faust habari hiyo anamdhihaki padri, kwamba eti alisema kanisa lina tumbo zuri, limekwisha kumeza nchi nzimanzima na halijavimbiwa hata siku moja. Watazamaji hucheka hapo, na wazee wa kanisa wakiwamo ukumbini nadhani hucheka kwa sauti kuliko wote. Tusisahau, lakini, kwamba msimulizi ni nani. Maneno ya padri hatuyasikii kinywani mwa padri. Tunayasikia kwa shetani, ambaye ana sababu zake. Hata hivyo jambo moja shetani hakulizua: padri alipewa mali ya mashaka, akaipokea, wala hakumuuliza binti hata swali moja. Mali ya ajabu imeingia katika chumba cha msichana maskini, na mchungaji wa roho yake hataki kujua imetoka wapi. Angeuliza, pengine mchezo ungekwisha hapo.

Kasha la pili linakuja, kubwa kuliko la kwanza. Safari hii Gretchen hampelekei mama. Analipeleka kwa jirani yake, Marthe, mwanamke ambaye mumewe alitoweka, na kwa Marthe ndiko anakojifunza kuvaa vito kwa siri mbele ya kioo.

Kuna mazungumzo ya bustanini ambayo mtu anaweza kuyapita haraka, kwa sababu ni maneno ya nyumbani tu. Gretchen anamweleza Faust maisha yao. Baba amefariki na kuacha nyumba ndogo na kijibustani. Mama ni mkali wa matumizi. Mtumishi hawana, kwa hiyo yeye hupika, hufagia, hufuma na kushona, na mikono yake imekuwa migumu. Kisha anataja mdogo wake wa kike. Mtoto huyo alizaliwa baba akiwa amekwisha kufa, na mama alikuwa mgonjwa hata hakuweza kumnyonyesha. Gretchen ndiye aliyemlea kwa maziwa na maji, akilala naye, akiamka usiku, akimbeba na kumbembeleza chumbani, na alfajiri yuko kwenye beseni la kufulia. Mtoto alikuwa kama wake. Akafa. Goethe anatuwekea habari hii mapema, tukiwa bado tunatabasamu kwa ajili ya wapenzi wawili wanaotembea bustanini. Baadaye, tutakaposikia kwamba binti huyu amemzamisha mtoto wake mwenyewe, hatuwezi kusema kwamba alikuwa mtu asiyejua kupenda watoto. Tumekwisha kuambiwa ni mikono ya namna gani.

Wajerumani wana msemo uliotokana na tamthilia hii: swali la Gretchen. Maana yake ni swali linalogusa moja kwa moja jambo ambalo mtu angependa kulikwepa. Gretchen anamuuliza Faust msimamo wake kuhusu dini. Faust anajibu kwa maneno marefu na matamu: nani awezaye kumtaja Mungu, nani awezaye kusema hamwamini, mbingu si zimetandazwa juu yetu, basi ujaze moyo wako na ukiita kilichomo upendo au Mungu ni mamoja, kwa kuwa majina si kitu na hisia ndiyo yote. Gretchen anasikiliza, kisha anasema kwamba hayo karibu yafanane na anayosema padri, isipokuwa maneno yana tofauti kidogo. Lakini bado kuna kitu hakikai sawa, kwa sababu ndani ya Faust hamna Ukristo.

Jibu la Faust limesifiwa sana. Limenakiliwa na kurudiwa kama dini pana ya mtu mwenye elimu, tena na watu wasioukumbuka mchezo wenyewe. Sisi hatuwezi kulisifu hivyo, na sababu si kwamba maneno yenyewe ni mabaya. Yapo mahubiri tuliyokwisha kuyasikia yenye Mungu mdogo kuliko huyo. Sababu ni kile kinachofuata. Katika onyesho hilohilo, bila pazia kushuka, mtu huyu aliyezungumza juu ya mbingu na nyota anatoa kichupa cha dawa ya usingizi na kumpa msichana amtilie mama yake katika kinywaji, ili usiku mlango uweze kufunguliwa. Anamhakikishia kwamba haina madhara. Mama hataamka tena. Goethe hakuweka mambo hayo mawili pamoja kwa bahati. Dini isiyokuwa na jina wala amri, inayokaa katika hisia peke yake, ilikuwa na kichupa mfukoni. Na Gretchen, ambaye hajasoma kitu, alikwisha kunusa hatari. Alisema kwamba yule mwenzake Faust akiwapo, yeye hawezi kusali. Sisi tuliomo makanisani tuna vipimo vingi vya kumpima mtu, na hicho cha Gretchen ni kimojawapo cha vilivyo bora tunavyovijua.

Sasa tufike kisimani, maana onyesho hilo ni fupi na ndilo lililotuchoma kuliko mengine.

Gretchen ameshika mtungi wake. Msichana mwenzake, Lieschen, anamletea habari za msichana mwingine, Bärbelchen: sasa akila na kunywa, anawalisha wawili. Lieschen anafurahi. Anakumbuka jinsi mwenzao alivyokuwa akijiona, akitembezwa na kijana wake, akinunuliwa mikate na divai, huku wao wengine mama zao hawakuwaruhusu kutoka usiku. Sasa na ainamishe kichwa, avae shati la mtenda dhambi, afanye toba mbele ya kanisa. Gretchen anasema kwa sauti ndogo kwamba bila shaka kijana atamwoa. Lieschen anacheka: kijana ana akili zake, amekwisha kuondoka. Na hata akimwoa, vijana wa kiume watamng'oa taji lake la maua, na wasichana watamwaga majani makavu mlangoni pake.

Lieschen si mtu mbaya. Ni msichana wa kwaya, tungesema sisi. Hakuna neno hata moja alilolisema ambalo halijasemwa kwenye bomba la maji la mtaa wowote kati ya Moshi na Mbeya, au nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Ukatili wake ni wa mtu aliyetii, na ambaye utii wake haujampa kitu ila haki ya kumwona mwingine akianguka. Anapoondoka, Gretchen anatembea kwenda nyumbani peke yake na mtungi, akikumbuka jinsi yeye naye alivyokuwa hodari wa kuwasema waliokosea. Jambo lililokuwa jeusi alilipaka weusi zaidi, na bado halikumtosha. Sasa yeye mwenyewe yumo. Anamaliza kwa maneno ambayo mhubiri angeyaogopa: kwamba kila kilichomsukuma huko kilikuwa, ee Mungu, chema na cha kupendeza.

Tunajua utaratibu wa nidhamu ya kanisa, na hatusemi kwamba haufai. Kanisa lisilokuwa na nidhamu halisaidii mtu. Lakini katika sharika zetu, binti aliyepata mimba nje ya ndoa huwekwa kando na Meza ya Bwana, kwa sababu tumbo lake linaonekana. Kijana aliyempa mimba hana tumbo. Siku ya kurudi kundini binti husimama mbele peke yake, na mara nyingine aliyemfikisha hapo anapiga gitaa kwenye kwaya. Wazee wanajua, au nusu yao wanajua. Lile shati la mtenda dhambi alilolitaja Lieschen lilikatwa kwa kipimo cha mwanamke.

Baada ya kisima tunamwona Gretchen akisali mbele ya sanamu ya Mama Mwenye Huzuni iliyowekwa katika ukuta wa mji, akiweka maua mabichi. Wasomaji wa Kiprotestanti wasikwazwe na hilo. Mchezo unakaa katika mji wa zamani wa Kikatoliki, na msichana anamwendea mama wa pekee anayemjua ambaye mwanawe naye alikufa. Tutapita hapo, kwa kuwa kaka yake anatungoja.

Valentin ni askari. Zamani wenzake walipokuwa wakijisifu juu ya wasichana wao, yeye aliegemea meza, akanyamaza, kisha akauliza kama kuna mmoja nchini anayelingana na Gretchen wake. Sasa kila mlevi anaweza kumchoma kwa neno. Basi anakuja kulinda jina la nyumba kwa upanga, na Faust anamuua, shetani akisaidia mkono. Anakufa barabarani, watu wamezunguka na taa, na pumzi yake ya mwisho anaitumia kumwita dada yake kahaba mbele ya mji mzima. Anafika hata kusema kwamba hata kama Mungu atamsamehe, hapa duniani na awe amelaaniwa. Kisha anajikabidhi kwa Mungu kama askari mwaminifu.

Tumelisoma neno hilo mara nyingi, na kila mara linatutisha. Valentin si mpagani. Anakiri msamaha wa Mungu upo. Anachosema ni kwamba msamaha huo haumhusu yeye. Mungu afanye ya kwake huko juu, na sisi tutafanya ya kwetu huku chini. Hatudhani kwamba Goethe alihitaji kwenda mbali kulisikia.

Kisha kanisani. Kinanda kinalia, kwaya inaimba kwa Kilatini wimbo wa kale wa siku ya hasira, na Gretchen yumo katikati ya watu. Nyuma yake amesimama Roho Mwovu. Anamnong'oneza: unakumbuka ulivyokuwa, ulipokuja madhabahuni na kijitabu chako, nusu mchezo wa kitoto, nusu Mungu moyoni? Unamwombea mama yako, aliyelala kwa mkono wako akaenda katika mateso marefu? Damu iliyo mlangoni pako ni ya nani? Kwaya inaendelea kuimba kwamba yote yaliyofichwa yatafunuliwa. Gretchen anahisi nguzo zinambana, dari linamshukia, hewa hakuna. Anamwomba jirani yake chupa ya manukato ya kumzindua, anazirai.

Katika andiko la kwanza la ujana wake, Goethe alieleza kwamba ibada hii ni ya mazishi ya mama yake Gretchen. Katika kitabu cha 1808 maelezo hayo hayamo, na tunadhani alifanya vema kuyaondoa, maana sasa ni ibada yoyote. Kinachotisha ni jinsi sauti mbili zinavyoafikiana. Roho Mwovu hasemi uongo. Kwaya haisemi uongo. Kila mmoja anasema kweli, na kweli hizo zikiungana zinamwangusha binti sakafuni, kwa kuwa kuna neno moja ambalo hakuna anayelisema katika jengo lile lote. Ibada ilikuwa kamili. Kinanda kilipigwa, wimbo haukukosewa. Na mtu aliyekuwa amehitaji kanisa kuliko wote waliokuwamo alianguka akiwa hana fahamu.

Binti wa kweli alikuwapo nyuma ya Gretchen. Tarehe 14 Januari 1772 katika mji wa Frankfurt alikatwa kichwa Susanna Margaretha Brandt, mtumishi wa nyumba ya wageni, kwa kumuua mtoto aliyemzaa kwa siri. Baba wa mtoto alikuwa msafiri aliyepita akaenda zake. Goethe alikuwa na umri wa miaka 22, mwanasheria mpya katika mji huohuo, na alikofungwa msichana hapakuwa mbali na nyumbani kwao. Miezi michache kabla, huko Strasbourg, alikuwa ametetea hoja zake za sheria, na mojawapo ilikuwa kwamba wanazuoni hawakubaliani kama mwanamke anayemuua mtoto wake mchanga yafaa auawe. (Sheria za Tanzania na Kenya leo zinamtazama mama wa namna hiyo kwa jicho jingine, akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, wala hazilihesabu kosa lake kuwa mauaji ya kukusudia.)

Ingependeza kuishia hapo na kumsifu mshairi mwenye huruma. Haiwezekani. Mwaka 1783 Goethe alikuwa mjumbe wa baraza la mtawala wa Weimar. Msichana mmoja, Johanna Catharina Höhn, alikuwa amehukumiwa kwa kosa lilelile, na mtawala aliwauliza wajumbe wake kama adhabu ya kifo kwa kosa hilo iendelee. Goethe aliafikiana na wenzake kwamba iendelee. Msichana aliuawa tarehe 28 Novemba mwaka huo. Wakati huo andiko la kwanza la Faust, lenye Gretchen gerezani, lilikuwa limekwisha kuwapo kwa miaka mingi.

Tunaandika hili si kwa kumvunjia mtu heshima. Tunaliandika kwa kuwa linahusu namna tunavyosoma. Mtu anaweza kumlilia Gretchen jukwaani, na Jumatatu akaketi mezani akatia sahihi. Ukumbi wa michezo hauzuii hilo. Wala mahubiri mazuri hayalizuii.

Nakala ya lile andiko la ujana, iliyonakiliwa na bibi mmoja wa jumba la mtawala wa Weimar aliyeitwa Luise von Göchhausen, ilikuja kupatikana mwaka 1887. Wasomi walipoilinganisha na kitabu cha 1808 waliona jambo. Katika andiko la kwanza, shetani anasema kwamba Gretchen amehukumiwa, naye anatoweka na Faust, na kinachobaki ni sauti ya msichana ikiita. Basi. Katika kitabu cha 1808 shetani anasema vilevile, lakini sauti inatoka juu na kusema kwamba ameokolewa. Kwa Kijerumani maneno hayo mawili, la kuhukumiwa na la kuokolewa, yanakaribiana sana kwa sauti, hata mtu asiyesikiliza vizuri angeweza kuyachanganya. Hatudai kwamba nyongeza hiyo ni toba ya mjumbe wa baraza. Tunasema tu kwamba kati ya andiko lisilokuwa na sauti ile na kitabu chenye sauti ile, upo mwaka 1783.

Wako wahakiki wasioipenda sauti hiyo. Wanaona inafungua mlango wa nyuma, mbingu inaingilia kati ili watazamaji waende nyumbani wametulia. Hoja hiyo ina nguvu, na mtu wa kanisa asiikatae upesi kwa sababu tu amefurahi kusikia neno la wokovu jukwaani. Lakini tazameni kilichotangulia. Faust amekuja na funguo. Minyororo imefunguliwa, mlango uko wazi, farasi wanangoja. Gretchen, ambaye akili yake imevurugika hata akamdhania mpenzi wake kuwa mnyongaji, anatambua sauti yake na kufurahi. Kisha anaomba busu, na midomo anayoikuta ni ya baridi. Anaambiwa akimbie. Anakataa. Kuombaomba njiani huku dhamiri ikimshitaki, anasema, ni mashaka, na hata hivyo watamkamata. Shetani anapotokea mlangoni akihimiza, Gretchen anamjua mara moja, kama alivyomjua siku zote, na hapo anajitia katika hukumu ya Mungu kwa hiari yake na kumwomba Baba amwokoe. Sauti ya juu haimwondolei upanga. Kunapokucha atauawa. Sauti inamjibu mtu aliyekwisha kuchagua kubaki.

Kwa hiyo kwa upande wa Gretchen hatuna malalamiko na mshairi. Malalamiko yetu yako kwa Faust. Shetani alipokuwa akimwambia Faust habari za kufungwa kwa msichana, alisema neno moja tu la kumtuliza: kwamba huyo si wa kwanza. Faust alighadhabika sana kulisikia. Lakini sehemu ya pili ya tamthilia, iliyochapishwa mwaka 1832 baada ya Goethe kufariki, inaanza na Faust amelala katika majani yenye maua, roho za huruma zikimwogesha katika maji ya kusahau. Anaamka mzima, jua linachomoza, anaendelea na safari zake: jumba la mfalme, Helena wa Wayunani, vita, kujenga nchi juu ya bahari. Daudi alipomchukua mke wa Uria alitumiwa Nathani, na mtoto akafa, na nyumba yake haikuona amani tena. Faust hakutumiwa mtu. Alipewa usingizi. Tunajua wapo wanaoliona onyesho hilo kuwa picha ya neema, nasi tunalisoma na kulisoma tena bila kuona neema ndani yake.

Mwisho kabisa wa sehemu ya pili Gretchen anatokea tena, miongoni mwa wanawake waliotubu. Yuko pamoja na yule aliyeosha miguu ya Yesu kwa machozi nyumbani kwa Farisayo, na yule Msamaria wa kisimani. Anaomba kwa ajili ya Faust. Ni maneno mazuri. Ila hata mbinguni bado ni yeye anayefanya kazi, na mwanamume anabebwa. Tuliona pia, na tukafurahi kidogo, kwamba safari hii mwenzake wa kisimani si Lieschen.

Turudi gerezani, kuna neno tuliloliacha. Kabla shetani hajatokea, Gretchen anamwagiza Faust mambo ya makaburi, kama mtu wa nyumbani anayegawa vyumba kwa wageni. Mama apewe mahali pazuri kuliko pote, kaka alazwe karibu naye. Yeye mwenyewe awekwe kando kidogo, lakini isiwe mbali sana, na mtoto awe kifuani pake upande wa kuume. Hakuna mwingine, anasema, atakayekubali kulala karibu yake. Faust hana jibu kwa hayo. Anamwambia tu kwamba ikiwa anatambua ni yeye aliyekuja, basi waondoke.